Laptopu Mpya, Vitabu vya Kikundi Vilevile



Zamani mali ya kikundi ililindwa kwa sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zikakaa kwa watu watatu. Sanduku bado lipo, lakini siku hizi vikundi vingi vya kwetu, toka Kehancha na Awendo mpaka Mbita na Oyugis, vina pia laptopu. Vingine vilipewa na wafadhili, vingine vilichanga wenyewe. Ndani ya laptopu hiyo mna hisa za kila mwanachama, mikopo ambayo haijalipwa, faini, mfuko wa jamii na kumbukumbu za mikutano. Na laptopu, kama jembe, huchakaa.

Wakati huu vikundi vingi vinabadilisha mashine, na sababu ipo. Laptopu nyingi kuukuu zinatumia Windows 10, ambayo kampuni ya Microsoft iliitoa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama. Waliojiandikisha kwa mpango wa nyongeza waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Mashine haikuzimika siku hiyo, inaendelea kufanya kazi. Shida ni kwamba tundu jipya likionekana halizibwi, na wezi wa mitandao hupitia papo hapo. Nayo Windows 11 inahitaji mashine ya karibuni zaidi, ambayo nyingi za zamani si za aina hiyo. Basi watu wananunua nyingine.

Hapo ndipo tunaulizwa: "Si tuhamishe tu kila kitu kutoka ile ya zamani?" Jibu letu ni kwamba vitu vingine vinahamishwa, vingine vinawekwa upya kabisa, na vingine vinapangwa tena kwa mkono. Kikundi kisichojua tofauti hiyo kinaweza kufika Desemba, siku ya kugawana, kikakuta jumla hazilingani. Nanyi mnajua jambo kama hilo hufanya nini. Watu waliokaa pamoja miaka kumi wanaanza kutazamana kwa jicho baya, na kumbe hakuna aliyeiba hata shilingi moja.

1. Tutenganishe mambo matatu

Kwanza kuna kazi zenu. Hizi ni faili mlizoandika ninyi wenyewe: leja ya Excel, barua, orodha ya wanachama, picha, cheti cha usajili kilichopigwa picha. Hizi hunakiliwa jinsi tunavyotoa nakala ya karatasi. Nakala inakwenda, ya asili inabaki.

Pili kuna programu. Programu ni chombo cha kazi. Excel ni programu, na leja yenu ni kazi iliyofanywa kwa chombo hicho.

Tatu kuna mipangilio. Hii ni jinsi mlivyoielekeza mashine ifanye: tarehe iandikwe vipi, printa ni ipi, pesa ni shilingi au dola, na kurasa gani za intaneti mnafungua kila mara.

Mambo haya matatu yanakaa katika mashine moja, lakini kila moja lina njia yake ya kuhama.

2. Programu haibebwi, inawekwa upya

Mfikirie mwenye mashine ya kusaga unga anayehama kutoka soko moja hadi jingine. Hawezi kubeba lile jiwe peke yake na kusema amehama. Kuna injini, kuna mkanda, kuna msingi wa saruji, kuna parafujo zilizoshika chini. Kule aendako atachimba msingi mwingine, afunge mashine na anyooshe mkanda upya. Ndipo unga utoke.

Programu nayo ni vivyo hivyo. Siku ilipowekwa katika laptopu ya kwanza ilitawanya vipande vyake. Vingine viko katika folda yake, vingine viliandikwa katika daftari la ndani la Windows ambalo sisi hatulioni, na vingine inashirikiana na programu nyingine. Ukinakili ile folda peke yake umebeba jiwe na kuacha injini. Ukibonyeza, haifunguki, au inafunguka na kukuletea maneno ya makosa.

Kwa hivyo kabla ya kufanya lolote, katibu afungue ile laptopu ya zamani, aangalie orodha ya programu zilizomo, na aziandike katika daftari la kawaida. Mbele ya kila moja aandike kama mnaitumia kweli au hapana. Nyingi hamzitumii, ziacheni huko. Zile mnazotumia zigawanyeni hivi:

(a) Za bure. Hizi mnazichukua tena kwenye intaneti, kutoka kwa waliozitengeneza wenyewe, si kutoka ukurasa wowote uliojitokeza wa kwanza. LibreOffice ni mfano mzuri. Haina malipo, na inafungua leja nyingi za Excel. Ila kama leja yenu ina hesabu za kujifanya zenyewe kwa makro, ijaribuni kwanza kabla ya kuitegemea.

(b) Za kulipia. Tafuteni risiti na ile namba ndefu ya programu. Kama mlilipia kwa akaunti, mnaingia kwa akaunti hiyo katika mashine mpya, kisha mnaiondoa katika ile ya zamani.

(c) Zilizokuja na mashine siku ya kununua. Mara nyingi hizi ni za mashine ile ile peke yake, hazihami. Yafaa mjue mapema, ili gharama ya programu iingie katika bajeti pamoja na bei ya laptopu.

Fundi akiwaambia atawawekea programu ya kulipia bila malipo, muulizeni ameipata wapi. Programu zilizovunjwa kufuli huja mara nyingi na virusi ndani yake. Mama mweka hazina anaona amesaidiwa, kumbe mwizi amekaribishwa nyumbani kwa mlango wa mbele.

3. Leja inayojificha

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, kwa hiyo tuende polepole.

Kama hesabu zenu ziko katika Excel, leja ni faili ambayo mnaiona kwa jina lake. Mnainakili, basi. Lakini vikundi vingine, hasa vyama vya akiba na wale wenye duka la pembejeo, wanatumia programu maalum ya hesabu. Programu kama hiyo kwa kawaida haiweki kumbukumbu zake pale katika Documents pamoja na barua zenu. Inaziweka katika hifadhi yake ya ndani, katika folda ambayo pengine imefichwa. Mnaweza kunakili folda zote mnazoziona, mkafurahi, na miaka minne ya mikopo ikabaki katika mashine ya zamani.

Njia iliyo salama ni kutumia programu yenyewe. Programu nyingi za hesabu zina amri iitwayo Backup. Ukiibonyeza, inakusanya kumbukumbu zote katika faili moja. Faili hiyo ndiyo mnayobeba. Katika laptopu mpya mnaweka programu kwanza, halafu mnatumia amri ya Restore, na kumbukumbu zinarudi mahali pake.

Angalieni pia toleo la programu. Toleo jipya kwa kawaida husoma kumbukumbu za toleo la zamani, lakini la zamani mara nyingi halisomi za jipya. Andikeni namba ya toleo katika lile daftari.

4. Mipangilio: jambo dogo linaloharibu hesabu

Watu wengi huona mipangilio ni urembo tu, rangi na picha ya mbele. Sivyo.

Tuchukue tarehe. Sisi huandika siku kwanza, halafu mwezi. Marekani wao huandika mwezi kwanza. Laptopu mpya nyingi zinakuja zimepangwa kwa Marekani. Sasa tuseme mama mmoja wa kikundi cha viazi vitamu kule Kabondo anakopa tarehe 3 Julai 2025, alipe baada ya miezi mitatu. Katibu anaandika 03/07/2025. Mashine iliyopangwa kimarekani inaelewa 7 Machi. Kama leja inahesabu muda yenyewe, itasema mkopo ulitakiwa kulipwa tarehe 7 Juni. Kwa hiyo siku ile ile mama anapokea pesa, mashine tayari inasema amechelewa karibu mwezi mzima na anadaiwa faini!

Na ukiandika 25/07/2025, mashine hiyo haioni mwezi wa 25, basi inaliacha kama neno tu na hailihesabu. Hivyo mikopo mingine inahesabiwa vibaya na mingine haihesabiwi, na hakuna taa nyekundu ya kuwaonya.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kuingiza hata mstari mmoja katika laptopu mpya, fungueni Settings, mwende sehemu ya saa na lugha, mchague Kenya kama nchi, saa ya Nairobi, na mpangilio wa tarehe wa Kenya. Halafu jaribuni kuandika tarehe moja katika Excel muone mashine inaielewaje. Tazameni pia kama mahali pa shilingi pameingia alama ya dola.

Zamani Windows ilikuwa na chombo cha kuhamisha faili na mipangilio, kilichoitwa Windows Easy Transfer. Kilikuwa katika Windows 7, lakini katika Windows 10 kiliondolewa. Nacho hakikubeba programu. Windows 10 na Windows 11 zina chombo kingine kiitwacho Windows Backup, ambacho huweka mipangilio na baadhi ya faili katika hifadhi ya Microsoft kwenye intaneti. Nafasi ya bure ni GB 5. Kinasaidia, lakini kinataka akaunti na bando la kutosha, na programu nyingi za hesabu bado mtaziweka wenyewe. Kwa kikundi kilicho mbali na mji, karatasi moja yenye mipangilio kumi iliyoandikwa kwa kalamu inatosha kabisa.

Katika karatasi hiyo wekeni: nchi na tarehe, jina la printa na aina yake, kurasa za intaneti mnazotumia, na anwani ya barua pepe ya kikundi. Printa itahitaji programu yake ndogo ya kuielewa laptopu mpya, hivyo chapisheni ukurasa mmoja wa majaribio mapema, si asubuhi ya mkutano mkuu.

5. Funguo ziko kwa nani?

Swali hili ni la watu kuliko la mashine. Neno la siri la barua pepe ya kikundi nani analijua? Mara nyingi hakuna. Laptopu ya zamani ililikumbuka yenyewe, na katibu akazoea kufungua bila kuandika kitu. Mashine mpya haijui lolote. Inauliza neno la siri, na kisha inatuma namba ya kuthibitisha kwa simu. Simu ya nani? Ya katibu wa zamani, ambaye aliolewa akahamia Mombasa na kubadilisha laini.

Basi, wakati laptopu ya zamani bado inafunguka, ingieni katika kila akaunti mbadilishe namba ya simu iwe ya afisa aliyepo. Maneno ya siri yaandikwe katika karatasi, yatiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi, na iwekwe katika lile sanduku la kufuli tatu. Sanduku bado lina kazi.

Kuna ufunguo mwingine ambao wengi hawaujui. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski yake kwa siri mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kuifungua ni namba ya tarakimu 48, nayo huhifadhiwa katika akaunti ya mtu huyo. Kama kijana wa katibu ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza kwa akaunti yake mwenyewe, ufunguo wa hesabu za kikundi uko kwake. Mashine ikisumbua siku moja, mtamtafuta yeye. Kwa hiyo iwasheni mara ya kwanza pamoja, kwa akaunti ya kikundi, na namba hiyo iandikwe iingie katika bahasha.

6. Siku ya kunakili

Chagueni siku ambayo si ya mkutano. Chajini laptopu zote mbili zijae, maana stima kwetu hukatika, hasa mvua ikinyesha, na faili iliyokatwa katikati ya safari huweza kuharibika.

Tumieni diski ya nje au flashi safi. Flashi iliyotembea katika saiba zote za sokoni huwa imebeba virusi, ipimeni kwanza. Mkiona flashi inakataa faili moja kubwa ingawa nafasi ipo, huenda imepangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, ambao haupokei faili ya GB 4 au zaidi.

Nakilini, msihamishe. Katika mashine maneno haya mawili ni tofauti. Copy huacha ya asili pale ilipo, Cut huiondoa. Fanyeni nakala mbili. Moja iingie katika laptopu mpya, nyingine ikae katika diski kwa mweka hazina, nyumba tofauti na inakolala laptopu. Moto au mwizi akija, hachukui vyote.

Na kama laptopu ya zamani imekufa kabisa? Msikate tamaa. Mara nyingi kinachokufa ni kioo au umeme wake, na diski iko hai. Fundi anaweza kuitoa, akaitia katika kasha lake, na ikasomwa kama flashi kubwa. Lakini afisa mmoja wa kikundi akae pale mpaka kazi iishe. Diski ya kikundi isilale dukani kwa mtu.

7. Mbele ya wanachama

Kunakili kukiisha, kazi bado. Fungueni laptopu zote mbili mezani, kando kwa kando, pamoja na leja ya karatasi na taarifa ya benki au ya M-Pesa. Watu watatu wakae: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Walinganishe:

- idadi ya wanachama,
- jumla ya hisa na akiba,
- jumla ya mikopo ambayo haijalipwa,
- pesa zilizoko taslimu na zilizoko benki,
- mstari wa mwisho wa mkutano uliopita.

Kisha chagueni wanachama watano bila kupanga, mfuate akaunti ya kila mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tarehe zitazameni hasa. Ikilingana, andikeni katika kumbukumbu za kikundi kwamba hesabu zilihamishwa tarehe fulani, jumla zilikuwa kadha wa kadha, na watatu hao watie sahihi. Katika mkutano unaofuata jumla hizo zisomwe kwa sauti, ili hata mzee asiyeona skrini vizuri asikie na aulize.

Msiuze wala kufuta ile ya zamani upesi. Ikae kimya angalau mikutano miwili, na mwisho wa mwezi mmoja upite mkiwa mnatumia mpya. Kilichosahaulika huonekana hapo.

8. Ile ya zamani iende salama

Laptopu ya zamani ina namba za vitambulisho na simu za watu. Vikundi vya wanaoishi na virusi vya UKIMWI vina zaidi ya hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Kufuta faili na kumwaga ndoo ya taka hakutoshi, fundi wa kawaida anaweza kuzirudisha. Tumieni amri ya Reset this PC, mchague kuondoa kila kitu, na katika mipangilio yake mchague pia kusafisha diski. Inachukua saa nyingi, hivyo iachwe kwenye stima.

Baada ya hapo, kama bado ina nguvu, inaweza kuwafundisha vijana kupiga chapa bila kuunganishwa na intaneti. Kama imeharibika kabisa, msiichome wala kuitupa shimoni. Betri yake huweza kulipuka, na sumu yake huingia katika maji tunayokunywa.

Mashine itabadilika tena baada ya miaka michache, na nyingine tena. Hisa za mama anayeuza omena Sori hazina budi kubaki zilezile, shilingi kwa shilingi, katika kila mashine itakayokuja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Laptopu yetu ikiibwa usiku huu, kesho tutajua kila mwanachama ana hisa ngapi? Tutajua kutoka wapi?

2. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kufungua hesabu za kikundi? Kama ni mmoja tu, nani atafundishwa mwezi huu?

3. Namba ya simu iliyo katika akaunti za kikundi ni ya nani leo?

4. Tukinunua laptopu nyingine, ni programu gani tatu tunazihitaji kweli, na zitatugharimu kiasi gani?